Siku ya kupima afya shuleni: hatua zinazoharibika kwa urahisi

Mtoto ambaye hajawahi kuona vizuri halalamiki; anadhani wenzake nao wanauona ubao una ukungu. Mwalimu humwita mvivu. Ndiyo maana daktari humfuata shuleni mtoto asiyeumwa popote.

Wiki mbili kabla, tuma fomu ya ridhaa kwa wazazi. Iulize pumu, kifafa, selimundu, mzio wa dawa na chanjo alizopata.

Macho yanaweza kupimwa na mwalimu aliyefundishwa, kabla daktari hajafika. Bandika chati ya E (yenye herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali) ukutani penye mwanga, usawa wa macho ya mtoto, isiwe kando ya dirisha linalomulika. Pima mita 6 kwa futi kamba, chora mstari wa chaki, visigino vikae juu yake. Usikadirie kwa hatua: zikitoka mita 5, asiyeona atafaulu. Mtoto azibe jicho moja kwa kiganja alichokikunja kama kikombe, kisha aoneshe kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Akiziba kwa vidole atachungulia kwenye mwanya, na akilikandamiza jicho litaona ukungu zamu yake ikifika. Wanaosubiri wakae nje, la sivyo wa nne kwenye foleni ameshaikariri chati. Anayeshindwa zaidi ya nusu ya alama za mstari wa 6/12 (ule ambao mwenye macho mazuri huusoma akiwa mita 12), kwa jicho lolote, rudia. Akishindwa tena, apewe rufaa. Mwenye miwani apimwe akiwa ameivaa.

Urefu upimwe bila viatu, kisogo na visigino vikigusa ukuta. Mafundo ya nywele huongeza sentimita za bure. Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, isome sifuri kabla ya kila mtoto.

Palipo na kichocho cha mkojo, kama Pemba, chukua mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo mayai ya minyoo ya kichocho hutoka kwa wingi. Mwalimu wa kike awaulize wasichana faraghani kama wako hedhini, kwa sababu kipimo hutazama pia damu kwenye mkojo, na damu ya hedhi itakipotosha. Dawa, prazikwanteli, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 30 anameza vidonge 2 vya miligramu 600. Ale kwanza. Akimeza na njaa atapata kizunguzungu au kutapika, na jioni mtaa mzima utasema watoto wamelishwa sumu.

Kwenye meno, tafuta matundu na usaha. Rangi ya kahawia kwa watoto wa maeneo ya Mlima Meru mara nyingi hutokana na floridi, madini yaliyo kwenye maji, haitoki kwa mswaki, asikaripiwe.

Majibu yasisomwe mbele ya darasa. Karatasi ya rufaa iandikwe nakala mbili, moja ibaki shuleni, maana ile ya mtoto hufuliwa pamoja na kaptula. Mpigie mzazi siku hiyohiyo, umwambie aende wapi na siku gani kliniki ya macho hufunguliwa. Baada ya wiki mbili pitia nakala zako, uulize nani amekwenda. Asiyeona ubao mkalishe dawati la mbele leo, ila usimfute kwenye orodha mpaka uone miwani usoni.