Kabla hujalipia Roadmaster, piga magoti mbele ya injini

Watu wanaonifahamu hapa Fort Worth, Texas, wakiona Buick Roadmaster, lile gari kubwa la Kimarekani, inauzwa hunipigia simu, na swali ni lilelile: "Fundi, nichukue?" Basi leo naandika, simu zipungue.

Stesheni wagoni ninayoizungumzia ni ya 1994 hadi 1996. Ubavuni imebandikwa karatasi ya rangi ya mbao, siti ya tatu inatazama nyuma, na familia ya watu wanane inaenea. Ukiiona utadhani ni gari la bibi wa kwenda kanisani. Fungua boneti: V8 ya lita 5.7, injini iitwayo LT1, nguvu za farasi 260, ndugu wa injini ya Corvette ya miaka hiyo, ila hii silinda hedi zake ni za chuma, si za alumini. Zilikuwa zikiunganishwa Arlington, jirani yetu tu.

Anza na namba ya chasisi, isome kwenye kioo cha mbele upande wa dereva. Herufi ya nane iwe P, ndiyo alama ya LT1. Ya kumi ikiwa R ni 1994, S ni 1995, T ni 1996. Ukikuta 7 pale pa nane, hiyo ni injini ya zamani ya farasi 180. Gari zuri, lakini usililipie bei ya LT1. Kuna muuzaji aliniapia mpaka mate yakamkauka. Namba ikamsuta.

Sasa pampu ya maji, na hapa usiwe na haraka. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha shika boneti uhakikishe ni baridi. Magari mengi pampu huzungushwa na mkanda. Hii inazungushwa kwa gia kutoka kwenye kemshafti, na chini yake kabisa wameiweka distribyuta, kifaa cha kugawa umeme wa plagi, ile wanayoiita Optispark. Pampu ina kitundu kwa chini. Sili ikichoka, maji yanatoka pale tone kwa tone, na yanapodondokea unapajua. Injini itaanza kumisi, na siku ya mvua itagoma kabisa.

Kwa hiyo piga magoti, uwe na tochi na kioo kidogo cha kujitazamia. Chungulia chini ya pampu. Ukiona michirizi iliyokauka kama chumvi, ya kijani au ya chungwa, pampu inavuja hata kama muuzaji ameosha injini ikang'aa. Injini iliyong'aa kupita kiasi, mimi hunitia shaka zaidi.

Ya kwangu ya kwanza niliinunua usiku, tena kwa furaha. Ilipoanza kumisi nikabadilisha distribyuta peke yake, pampu nikaiacha kwa ubahili. Wiki mbili hazikupita, distribyuta mpya nayo ikalowa. Fundi mzima, kosa la mwanagenzi! Badilisha vyote viwili siku moja, au usiguse kitu.

Ukijaza maji, fungua ile skrubu ya kutolea hewa juu ya nyumba ya themostati, injini ikiwa baridi, mpaka maji yatoke bila mapovu. LT1 hupeleka maji kwenye silinda hedi kwanza. Hewa ikibaki humo, gari linachemsha.

Mengine ni ya kawaida. Gia boksi ni ya otomatiki, aina ya 4L60-E: likitoka ya pili kwenda ya tatu injini ikapiga kelele bila gari kuvuta, hesabu gharama. Gari lililotoka kaskazini, wanakomwaga chumvi barabarani msimu wa theluji, gonga fremu kwa nyundo karibu na eksili ya nyuma. Papasa zulia chini ya kile kioo cha paani, usikute unyevu. Mashine ya kawaida ya kusomea hitilafu itakusaidia kwa la 1996. La 1995 soketi inafanana, lakini mashine itakaa kimya.

Mwisho, liendeshe dakika ishirini, lizime, subiri kidogo, uwashe tena likiwa la moto. Likiwaka mara moja, hapo sasa ndipo utaje bei, na uanzie chini.