Kununua nyumba kwenye meli ya makazi: kagua meli kwanza, chumba baadaye

Muuzaji atakuonyesha kwanza kitanda, roshani na bahari. Viweke kando mpaka mwisho. Nyumba ya nchi kavu hata ikibomoka, kiwanja kinabaki. Chini ya nyumba ya melini hakuna kiwanja. Kuna chuma kinachozeeka na kampuni inayoweza kufilisika, na hivyo viwili ndivyo unavyonunua.

Unauziwa nini hasa?

Meli ni mali inayohamishika. Husajiliwa ikiwa nzima, katika nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake, na kwa kawaida hakuna daftari litakalokupa hati miliki ya chumba kimoja. Utakachopewa huwa ni kimoja kati ya vitatu: hisa katika kampuni inayomiliki meli, pamoja na haki ya kutumia chumba chako; haki ya kutumia chumba kwa miaka fulani au kwa uhai wa meli, bila hisa; au tiketi ndefu iliyopambwa kwa jina la "umiliki". Vipeperushi huviita vyote kununua.

Meli ya makazi The World, iliyoanza safari mwaka 2002 ikiwa na nyumba 165, ni mfano wa aina ya kwanza: mwaka 2003 wakazi waliinunua meli wenyewe, na njia za safari wanazipigia kura. Kampuni ya Life at Sea ilikuwa tofauti kabisa. Iliuza safari ya miaka mitatu ya kuanza Novemba 2023, kumbe meli yenyewe, AIDAaura, ilikuwa bado haijanunuliwa. Ikachukuliwa na kampuni nyingine, safari ikafutwa, na baadhi ya wateja walikuwa wameshaachana na makazi yao.

Tafuta wakili wa sheria za bahari. Wa ardhi hakufai hapa. Mwulize nani ameandikwa mmiliki kwenye usajili wa meli, na kama ipo rehani. Kisha mwulize wewe utasimama wapi kwenye foleni ya wadai. Meli inaweza kukamatwa bandarini kwa deni, na ikipigwa mnada, mishahara ya mabaharia na gharama za uokoaji kwa kawaida hulipwa hata kabla ya benki yenye rehani. Mwenye haki ya kutumia chumba tu hujikuta mkiani.

Kukagua meli

Omba namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), ambayo ni utambulisho wa meli. Ina tarakimu saba na haibadiliki hata meli ibadilishwe jina, rangi na bendera. Iingize kwenye Equasis, hifadhidata ya bure ya mtandaoni, usome umri wa meli, majina iliyowahi kuitwa, taasisi inayoiainisha, yaani inayoikagua na kuthibitisha ubora wake (kwa mfano Lloyd's Register, DNV au RINA), klabu ya wenye meli inayoikatia bima ya dhima (ya madhara kwa wengine), na kama imewahi kuzuiwa bandarini na wakaguzi. Muuzaji anayesita kutoa namba hii ameshakujibu.

Halafu omba ripoti ya sasa ya uainishaji. Ruka kurasa za sifa, nenda moja kwa moja kwenye masharti ambayo hayajatimizwa: bamba la chuma lililolika, pampu inayosubiri kubadilishwa, tarehe ya mwisho ya kuyamaliza. Uliza pia lini meli itapandishwa tena chelezoni (inapotengenezwa nje ya maji), nani atalipa, na wakazi watalala wapi wakati huo. Villa Vie Odyssey, meli iliyojengwa 1993, ilikwama Belfast tangu mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Septemba 2024 kwa matengenezo, yakiwemo ya usukani. Kwa meli ya umri huo si ajabu; ajabu ni mnunuzi kutopanga akiba ya dharura kama hiyo.

Kama meli bado ni mchoro, fedha zako zikae kwenye akaunti ya amana ya mtu wa tatu, zitolewe kwa hatua zinazothibitika: chuma kimekatwa, mkuku (uti wa chini wa meli) umelazwa, meli imeshushwa majini, imekabidhiwa. Dai dhamana ya benki ya kurudishiwa fedha, yenye tarehe ya mwisho. Neno "inatarajiwa" halina tarehe.

Ada ya mwezi

Hapa ndipo wengi huumia. Ada hubeba mafuta, mabaharia, bima, bandari, mara nyingi na chakula. Ukinunua kwa dola 500,000 na ada ikawa dola 5,000 kwa mwezi, baada ya miaka minane na miezi minne utakuwa umelipa bei ya nyumba mara ya pili.

Swali ambalo wanunuzi husahau: vyumba ambavyo havijauzwa vinalipiwa na nani? Chukua meli ya vyumba 200 yenye gharama za dola milioni 12 kwa mwaka. Vikiwa vimeuzwa vyote, kila kimoja kinabeba dola 5,000 kwa mwezi. Vikiuzwa 120 tu, na mkataba ukiwa haumlazimishi muuzaji kulipia vilivyobaki, mzigo unafika takribani dola 8,330. Andikisha kikomo cha kupandisha ada, na uone hesabu za mfuko wa akiba zilizokaguliwa.

Chumba chenyewe

Katikati ya meli, sitaha (ghorofa) za chini, ndipo panapoyumba kidogo zaidi. Kule omo, mbele ya meli, utaamshwa na mnyororo wa nanga alfajiri. Tezi, nyuma ya meli, kuna mtetemo wa rafadha, panga linalosukuma meli. Omba ramani ya sitaha ya juu na ya chini yako: chumba kikiwa chini ya bwawa la kuogelea, utasikia viti vikiburutwa kabla hakujapambazuka. Lala humo usiku kadhaa, angalau mmoja meli ikiwa mwendoni.

Usitegemee kutoboa ukuta au kuleta sofa lako. Kuta za vyumba ni sehemu ya kinga ya moto chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, na vifaa vinavyoingia lazima vikubalike.

Viza, kodi, afya

Kuishi baharini hakufuti kodi. Raia wa Marekani hudaiwa popote alipo. Eneo la Schengen huruhusu mgeni siku 90 katika kila siku 180, na meli ikizunguka Mediterania majira yote ya joto siku hizo zinaweza kukuishia. Mwenye pasipoti inayohitaji viza aulize kila bandari ya ratiba kabla hajalipa. Zahanati ya melini humtuliza tu mgonjwa aliye katika hali mbaya, kwa hiyo bima iwe na kusafirishwa kwa dharura.

Kutoka

Soma kifungu cha kuuza kabla ya kifungu cha kununua. Je, kampuni ina haki ya kuidhinisha mnunuzi wako? Inakata asilimia ngapi? Ada inaendelea kudaiwa wakati unatafuta mnunuzi? (Karibu kila mara, ndiyo.) Warithi wako wakikataa chumba, deni linawafuata? Na meli ikipelekwa kukatwa vyuma, bei ya chakavu inagawanywa kwa wenye hisa au inabaki kwa kampuni? Majibu yote yawe ndani ya mkataba. Barua pepe ya muuzaji haitoshi.