Senior Management Analyst polisi Los Angeles: namna ya kuipata kazi na namna ya kuifanya ikakaa sawa

Watu wetu wengi huku Marekani wakisikia kazi ya polisi wanawaza bunduki na pingu na kukimbizana na wezi, basi wanapita zao. Mtu ana digrii ya uchumi ya Mlimani au ya uhasibu ya Nairobi, usiku anapanga maboksi ghalani, na mji huo huo polisi wanatafuta mtu wa kupiga mahesabu ya bajeti na kuandika ripoti, yeye hana habari. LAPD, yaani polisi wa jiji la Los Angeles, ina askari karibu 9,000 lakini ina raia pia, zaidi ya 2,000, hawavai yunifomu wala hawakamati mtu, na humo ndani ndio wapo Management Analyst na wakubwa wao Senior Management Analyst. Naongelea Los Angeles ila kazi za namna hii zipo majiji mengi makubwa, na jimbo la Florida wana cheo chenye jina hilo hilo.

Tuelewane kwanza kazi ni ipi, maana wengi wanachanganya. Anayefuatilia wizi umetokea mtaa gani saa ngapi ni mchambuzi wa uhalifu, huyo ana ofisi yake. Wewe unaichambua idara yenyewe: askari wako wangapi na wapi, ovataimu inaliwa na nani, mkataba wa redio unaisha lini, ruzuku ya serikali kuu ina masharti gani, na mkubwa akisimama mbele ya Baraza la Jiji kuomba hela aseme namba ipi. Senior maana yake una watu chini yako na karatasi zao zinapita kwako kabla hazijaenda juu, kwa hiyo namba ikikosewa unaulizwa wewe.

Kuingia. Huanzi kwenye Senior, labda uwe umeshafanya kazi ya daraja hilo sehemu nyingine. Njia ya kawaida unaingia kama Management Analyst, unakaa miaka kadhaa, halafu unafanya mtihani wa kupanda cheo. Ajira yote inapita idara ya utumishi ya jiji, unaomba kwa mtandao, unafanya mtihani, jina linaingia kwenye orodha, ofisi yenye nafasi inaita watu kutoka kwenye ile orodha. Hapo watu hukata tamaa maana orodha inaweza kukaa miezi na simu hailii, wewe endelea na maisha yako ila usibadilishe namba ya simu bila kuwaambia. Na cheti cha nyumbani kilinganishwe mapema na shirika linalolinganisha vyeti vya nje, kama WES, usisubiri tangazo litoke ndio uanze kuhangaika na transcript kutoka Dar. Tangazo linafungwa kabla transcript haijatoka hata mlango wa ofisi ya msajili.

Kwa sababu ni polisi watakuchunguza. Alama za vidole, kazi ulizofanya, madeni, faini za barabarani, na baadhi ya idara wanaongeza mashine ya kupima uongo. Ushauri wangu andika kila kitu. Faini ya zamani iliyolipwa haimzuii mtu, lakini faini iliyofichwa inamzuia, kwa sababu wanachokitafuta pale ni kama unasema kweli hata ikikuumiza, na kusema ukweli ndio kazi yenyewe unayoiomba.

Ukishaingia, wiki za mwanzo usikae ofisini na Excel tu. Omba kupanda gari la doria shifti nzima, omba kukaa kituo cha simu za dharura za 911, LAPD wanavyo viwili, kimoja katikati ya mji na kimoja upande wa Valley, ukae umsikilize anayepokea simu anavyoandika. Humo ndio namba zako zinazaliwa. Jifunze vyeo pia, sajini, luteni, kapteni, kamanda, naibu mkuu, na muite mtu kwa cheo chake mpaka mwenyewe akuambie vingine. Raia anayemuita kapteni kwa jina la kwanza mbele ya askari wake ameshapoteza msaada wa lile kituo zima, na wewe utawahitaji kila mwezi.

Sasa twende kwenye nyama. Hesabu ya kwanza utakayoulizwa, na utaulizwa mpaka ustaafu, ni hii ya askari wangapi. Mfano diwani anataka magari mawili ya doria ya ziada kwenye eneo lake, saa 24 siku zote. Mtu mgeni anasema magari mawili, askari wawili kila gari, shifti tatu, jumla 12, anaandika memo anapeleka. Hiyo memo inakuja kuumiza watu. Fanya hivi: kiti kimoja cha askari kinachokaliwa usiku na mchana mwaka mzima ni saa 24 mara siku 365, yaani saa 8,760. Askari mmoja kwenye karatasi anafanya saa 40 kwa wiki, wiki 52, saa 2,080. Lakini hizo zote hayuko barabarani, ana likizo, anaugua, anaenda mafunzo ya lazima, anaitwa mahakamani kutoa ushahidi, toa hayo yote kwa rekodi za idara yako wewe sio za kitabuni, tuseme kwa mfano imebaki 1,700. Gawa 8,760 kwa 1,700 unapata 5.15. Kiti kimoja kinataka watu watano na kidogo. Magari mawili ya watu wawili wawili ni viti vinne, mara 5.15 ni 20.6, andika 21. Kutoka 12 mpaka 21! Wale tisa waliosahaulika wasipoajiriwa haimaanishi kazi haifanyiki, inafanyika kwa ovataimu, kwa askari waliochoka, na hela inatoka kwenye fungu jingine ambalo mwezi wa tatu utaitwa ueleze kwa nini limekauka.

Na bado hujamaliza, weka na muda. Askari mpya wa LAPD anakaa chuoni karibu miezi sita halafu mwaka mzima wa majaribio barabarani, kwa hiyo hela ikipitishwa Julai usimuahidi diwani gari Agosti. Andika tarehe ya kweli hata kama haipendezi. Kwa maoni yangu hapo ndipo analyst mzuri anaonekana, hesabu yenyewe mtoto wa sekondari anaiweza, kazi ni kujua nini kitolewe na kukataa kupunguza pale unapoombwa upunguze.

Namba za uhalifu hazitoki kwako lakini utazitumia kwenye bajeti, kwa hiyo ujue zinavyopikwa. Mwaka 2014 gazeti la Los Angeles Times lilionyesha kwamba LAPD ndani ya mwaka mmoja iliweka karibu makosa 1,200 ya vurugu kwenye kundi la makosa madogo, shambulio la kisu au la kumuumiza mtu vibaya linaandikwa kama shambulio la kawaida, na shambulio la kawaida haliingii kwenye hesabu ya uhalifu mkubwa inayotangazwa. Idara ikaja kuunda kitengo cha kuangalia usahihi wa data. Jifunze kutokana na hilo: kabla hujaandika kwamba uhalifu umeshuka, chukua ripoti zenyewe kama 50 bila kuchagua, soma maelezo ya askari, linganisha na kosa lililowekwa kwenye mfumo. Unasoma "alimpiga na chupa kichwani, akashonwa", unaangalia juu limewekwa shambulio dogo. Ukikuta hivyo mara kadhaa usiandike ripoti yako, nenda kwa mkubwa wako kwanza.

Kuna na hili la mfumo wa kuhesabu kubadilika. Zamani FBI tukio moja likiwa na makosa matatu lilihesabiwa lile zito peke yake. Januari 2021 wakahamia mfumo mpya unaoitwa NIBRS, ambao tukio moja linabeba mpaka makosa 10, na mwaka huo huo New York na Los Angeles hawakuwemo kwenye takwimu za taifa kwa sababu hawajahama. Ukilinganisha kabla na baada ya kuhama bila kueleza, utamfanya mkuu wa polisi aende redioni kuomba radhi kwa uhalifu ambao haukuongezeka. Mstari mmoja chini ya jedwali unatosha, ila uwepo.

Muda wa kufika kwenye tukio nao usitoe wastani peke yake. Simu tano zilifikiwa kwa dakika 5, 5, 6, 7 na ya mwisho 42, wastani ni 13 na hakuna hata mmoja kati ya wale watu aliyesubiri dakika 13. Toa namba ya katikati, toa na ya asilimia 90, yaani dakika ambazo simu 90 katika kila 100 zilifikiwa ndani yake, halafu sema saa inaanza kuhesabiwa wapi, simu inapopokelewa au gari linapotumwa, maana hapo katikati ndio wananchi wanapoteza dakika zao na hawaoneshwi.

Bajeti ina kalenda yake na haikusubiri. Mwaka wa fedha wa jiji unaanza Julai 1, meya lazima apeleke pendekezo ifikapo Aprili 20, Baraza lenye watu 15 linatakiwa limalize kufika Juni 1. Kwa hiyo mahitaji ya vituo unakusanya miezi mingi kabla, na kati ya Aprili na Mei usipange harusi ya mtu, utakuwa unajibu maswali ya Baraza usiku. Kila swali lijibiwe ukurasa mmoja: jibu mstari wa kwanza, namba ya hela mstari wa pili, namba ya watu mstari wa tatu, halafu ndio maelezo. Mkubwa anasoma kwenye lifti, ukimuwekea historia ya idara aya tatu za mwanzo atafika ghorofa ya kumi hajaona jibu.

Ruzuku zinavutia sana na zina miba. Ile ya serikali kuu ya kuajiri askari, ya ofisi ya COPS iliyoanzishwa 1994, inalipa mpaka asilimia 75 ya mshahara wa kuanzia kwa miaka mitatu, na kuna kikomo kwa kila askari, halafu wewe unatakiwa ubaki na yule askari angalau miezi 12 baada ya hela kuisha, na hairuhusiwi kuitumia kulipa askari ambaye jiji lilikuwa linamlipa tayari. Kila memo ya ruzuku iwe na safu ya mwaka wa nne. Wanasiasa wataifurahia ile miaka mitatu, wewe waonyeshe mwaka wa nne hela inatoka wapi, iandikwe, ipate sahihi.

Soma pia mkataba wa chama cha askari, Los Angeles Police Protective League, kurasa zote, kwa sababu pendekezo zuri la kubadilisha shifti linaweza kufia kwenye kifungu kimoja cha mapumziko. Wenzako wa vituoni watakuambia ukweli wa vifungu hivyo kuliko mwanasheria, ukiwa na heshima.

Jambo moja linalowagusa watu wetu zaidi. Ukishajulikana kwenye jumuiya kwamba unafanya kazi polisi, simu zitakuja. Mama mmoja ataka umuangalizie kijana anayemchumbia binti yake kama aliwahi kufungwa, mwingine anauliza kesi ya mdogo wake imefika wapi. Usiguse, hata kama ni shangazi yako wa damu. Kila unachotafuta kwenye mifumo ile kinaacha jina lako na saa, na kutafuta bila sababu ya kazi California ni kosa la kisheria, unafukuzwa na unaweza kushtakiwa. Jibu kwa upole, "Shangazi, hilo siwezi, nenda mahakamani kaunta ya rekodi, kesi za watu wazima nyingi ziko wazi kwa umma", na umsindikize kabisa ukiwa na nafasi, kutokujua Kiingereza cha ofisi kunawaumiza wazee wetu zaidi kuliko kesi yenyewe.

Ukifika Senior kazi ya mahesabu inapungua, kazi ya kukagua ya wenzako inaongezeka. Kila faili la Excel liwe na ukurasa wa kwanza unaosema data ilitoka wapi, tarehe gani, nani alitoa nini na kwa nini, ili mtu akiomba rekodi kwa sheria ya California ya taarifa za umma, na wataomba, waandishi na mawakili wote, uweze kurudia hesabu ile ile miaka mitatu baadaye na mtu aliyeifanya ameshahama. Mpe kijana wako mpya lile swali la magari mawili siku ya kwanza, mwache apate 12, halafu mpandishe gari la doria wiki nzima na umuulize tena.