Mwongozo: kuthibitisha asili ya Kiyahudi ya mwanasoka bila kubahatisha

Orodha za wanasoka wa Kiyahudi ni nyingi mtandaoni, na nyingi zimenakiliwa tu kutoka nyingine. Mmoja ameandika jina, wa pili kalichukua, wa tatu kaongeza picha, na hakuna aliyeuliza habari ilianzia wapi. Mimi huhariri wasifu wa wachezaji kwa Kiswahili, na kwenye mada hii nafuta zaidi kuliko ninavyoongeza. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Amua unatumia kipimo kipi

Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, halakha, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia dini hiyo kwa taratibu zake. Wayahudi wa madhehebu ya Reform nchini Marekani waliamua mwaka 1983 kumhesabu pia mtoto wa baba Myahudi aliyelelewa katika imani hiyo. Sheria ya Kurejea ya Israel ya mwaka 1950, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1970, ilitoa haki ya uraia hadi kwa mjukuu wa Myahudi. Vipimo vitatu, majibu matatu.

Mchukue David Beckham. Babu yake mzaa mama alikuwa Myahudi, na Beckham mwenyewe amelieleza hilo hadharani zaidi ya mara moja. Kwa kuwa nasaba inapitia kwa babu, halakha haimhesabu. Asili hata hivyo anayo, na huwezi kuikana. Ndiyo maana natenganisha makundi mawili: “Myahudi”, kwa anayejitambulisha hivyo, na “mwenye asili ya Kiyahudi”, nikitaja ni ndugu gani. Ukiandika “babu mzaa mama” umemaliza ubishi wote.

Hatua ya 2: Weka kando jina, klabu, uraia na sura

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Matthias Sindelar, nyota wa Austria wa miaka ya 1930, ametajwa kuwa Myahudi katika maandishi mengi. Alikuwa Mkatoliki, mzaliwa wa Moravia, leo sehemu ya Jamhuri ya Czech. Dhana hiyo ilitoka wapi? Aliichezea Austria Wien, klabu ambayo viongozi wake wengi walikuwa Wayahudi, akiwemo rais wake Michl Schwarz. Baada ya Ujerumani kuimeza Austria mwezi Machi 1938, Sindelar hakuichezea timu ya taifa ya Ujerumani hata mechi moja. Januari 1939 akafa kwa gesi katika nyumba. Watu waliunganisha mambo hayo wakapata mhanga wa Kiyahudi. Lakini mwaka 1938 huohuo Sindelar alinunua mkahawa wa Leopold Drill, Myahudi aliyelazimishwa kuuachia. Unapomwita Sindelar Myahudi, unampa nafasi ya aliyedhulumiwa, na Drill anatoweka kwenye habari. Kosa la namna hiyo linaumiza, na ndilo linalonifanya niwe mkali katika kazi hii.

Ajax na Tottenham nazo zina mashabiki wanaojiita Wayahudi, wakiwemo wengi wasio na asili hiyo kabisa. Mchezaji hawi Myahudi kwa kusajiliwa huko. Klabu ninayoikubali kuwa ushahidi ni kama Hakoah Wien, iliyoanzishwa mwaka 1909 na kusajili Wayahudi tu. Iliifunga West Ham 5-0 jijini London mwaka 1923, ikatwaa ubingwa wa Austria mwaka 1925, ikafungwa na Wanazi mwaka 1938. Ukimkuta Béla Guttmann kwenye kikosi chake, umepata uzi wa kuufuata: mzaliwa wa Budapest mwaka 1899, aliyekuja kuifundisha Benfica na kutwaa nayo Kombe la Ulaya mwaka 1961 na 1962.

Uraia wa Israel nao hautoshi. Bibras Natcho, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa, ni Mwislamu wa kabila la Wacherkesi. Abbas Suan, aliyeifungia Israel dhidi ya Ireland mwaka 2005, ni Mwarabu. Kwa upande mwingine, Eli Dasa, naye nahodha, ametoka katika familia ya Wayahudi wa Ethiopia, na Baruch Dego alizaliwa Ethiopia kwenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki asishangae: Wayahudi weusi wapo hata Mbale, Uganda, wanaojulikana kama Abayudaya.

Hatua ya 3: Kwa aliye hai, tafuta kauli yake

Mahojiano, kitabu cha maisha yake, ukurasa wake rasmi. Tafuta kwa lugha ya nchi aliyokulia, maana mchezaji wa Argentina huwa amesema zaidi kwa Kihispania kuliko utakavyokuta kwa Kiingereza. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni ninayoipenda: mtu aliye hai hawekwi katika kundi la dini mpaka yeye mwenyewe awe amejitambulisha hivyo hadharani.

Mashindano ya Maccabiah, michezo ya Wayahudi inayofanyika Israel, yanasaidia, kwa tahadhari. Wageni wanaoshiriki ni Wayahudi kutoka nchi mbalimbali, ila raia wa Israel huruhusiwa wa dini yoyote. Kwa hiyo ushiriki wa Benny Feilhaber akiwa Mmarekani mwaka 2005 una uzito. Wa raia wa Israel hauna.

Kama amenyamaza, nawe nyamaza. Usimtumie ujumbe kumdodosa, usichimbe ndoa za wazazi wake. Wakati wa Wanazi orodha za Wayahudi zilitumika kuwakamata na kuwaua, na leo pia wapo wanaotafuta majina kwa nia mbaya.

Hatua ya 4: Kwa marehemu, ingia kwenye kumbukumbu

Anza na hifadhidata ya majina ya Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, kisha Arolsen Archives, hifadhi ya Ujerumani ya nyaraka za walioteswa na Wanazi. Kwa Uholanzi kuna Joods Monument, tovuti ya kuwakumbuka Wayahudi wa nchi hiyo waliouawa. Jaribu tahajia zote. Gottfried Fuchs, aliyefunga mabao 10 Ujerumani ilipoichapa Urusi 16-0 kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, alihamia Kanada na kuitwa Godfrey Fochs. Ukitafuta jina lake la awali tu, maisha yake ya Montreal hutayaona.

Linganisha kumbukumbu hizo na zile za soka. Julius Hirsch, mwenzake Fuchs katika timu ya Ujerumani na klabu ya Karlsruher FV, aliifungia nchi yake mabao manne dhidi ya Uholanzi mwaka 1912. Aprili 1933 alisoma gazetini kwamba klabu za kusini mwa Ujerumani, yake ikiwemo, zimekubali kuwatoa Wayahudi, akaandika barua ya kujiuzulu. Machi 1943 alisafirishwa kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wanazi walifuta jina lake na la Fuchs katika kumbukumbu za timu ya taifa, kwa hiyo kitabu cha takwimu cha enzi zile hakikutoshi. Kwa wachezaji wa nchi zilizotawaliwa na Wanazi, kutoonekana kwa jina si ushahidi wa lolote.

Hatua ya 5: Andika kwa ukamilifu

Taja kazi yake ya soka kwanza, kisha ndugu au kauli, kisha chanzo. Mifano (chanzo utakiongeza mwishoni):

“Benny Feilhaber, kiungo wa Marekani aliyezaliwa Rio de Janeiro mwaka 1985, babu yake mzaa baba alikuwa Myahudi aliyekimbia Austria mwaka 1938.”

“Eddy Hamel, winga wa Ajax aliyezaliwa New York mwaka 1902, Myahudi, aliuawa Auschwitz mwaka 1943.”

Epuka “inasemekana”. Kama ushahidi haujatimia, jina libaki kwenye daftari lako la kazi. Na ukipata mahojiano, hifadhi nakala ya ukurasa siku hiyohiyo pamoja na tarehe yake, kwa sababu magazeti hubadilisha anwani na kurasa za zamani hupotea.