Namna ya Kukusanya Simulizi za Wazee Kuhusu Vita vya Kagera na Maisha Yaliyofuata

Upande wa kijeshi wa Vita vya Kagera, vilivyopiganwa kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, umeshaelezwa sana: tunajua ni brigedi zipi zilivuka mpaka, ni miji ipi ilitekwa na ni makamanda gani waliongoza mashambulizi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi au mjukuu anayetaka kuandika upande mwingine, yaani yale yaliyozipata kaya za kawaida wakati vita vikiendelea na katika miaka mingi iliyofuata. Kazi hii haihitaji shahada wala fedha nyingi. Inahitaji simu inayorekodi sauti, daftari, subira, na heshima isiyoyumba kwa mtu anayekusimulia. Inahitaji pia haraka ya namna fulani, kwa sababu mtu aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1978 alizaliwa mwaka 1953, na kila msiba wa mzee unaondoka na masimulizi ambayo hayapo popote pengine.

Ushauri wangu mkuu ni kwamba uzito wa mahojiano uwekwe kwenye maisha ya baada ya vita kuliko kwenye mapigano yenyewe. Ukimuuliza mzee wa Tanzania akueleze vita, mara nyingi atakupa kile alichosikia redioni, ikiwemo hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 kuhusu uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui, ambayo wengi wa rika lake wanaijua kwa moyo. Hiyo ni kumbukumbu ya taifa zima na imehifadhiwa vizuri. Unachokitafuta wewe ni kumbukumbu ya nyumba yake.

Jiandae kabla ya kwenda

Mzee hapaswi kugeuzwa mwalimu wako wa tarehe. Zijue mapema. Idi Amin alichukua madaraka Uganda Januari 1971. Septemba 1972, baada ya wapinzani wake kuvamia Uganda wakitokea Tanzania, ndege zake zilidondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliikalia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ameifanya sehemu ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka, la kuvukia mto huo, lilivunjwa. Inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa katika eneo hilo na wengine kama 40,000 wakakimbilia kusini, huku maelfu ya ng'ombe yakiswagwa kupelekwa Uganda. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likisaidiana na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, liliingia Kampala Aprili 1979, na vita vikamalizika mwanzoni mwa Juni.

Kumbuka pia kwamba wakati huo mkoa uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Mzee akikuambia kwamba alikuwa mtumishi wa Ziwa Magharibi, usimkatize kumuuliza ni wapi.

Chukua ramani, hata ya kuchora kwa mkono, yenye Mutukula, Minziro, Kakunyu, Bunazi na Kyaka, na uonyeshe mto unapopita. Kama una nafasi, fika kwanza Kyaka uone magofu ya kanisa lililobomolewa, kisha upite makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba. Mtu aliyeviona vitu hivyo kwa macho yake huuliza maswali tofauti na aliyevisoma tu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kazi hii ni ya watu wa Kagera peke yao. Katika miezi michache jeshi lilipanuliwa kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo maelfu ya wanamgambo waliotoka vijijini na viwandani nchi nzima. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na chakula, na watu wakachangia mifugo na mazao. Kama unaishi Iringa, Dodoma au Tabora, inawezekana kabisa kwamba simulizi unayoitafuta iko nyumba ya pili kutoka kwako.

Kuomba ruhusa na kuketi

Usiende siku ya kwanza na kinasa sauti. Nenda kusalimia, ueleze wewe ni mtoto wa nani na unataka nini, kisha umwache mzee apange siku. Mweleze waziwazi kwamba utarekodi sauti yake, nani atasikiliza, na kwamba ana haki ya kukataa swali lolote au kukuambia ufute sehemu fulani hata baada ya kuisema. Ridhaa hiyo irekodiwe mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, kwa maneno yake mwenyewe.

Lugha na iwe ile anayoiota. Wazee wengi wa Missenyi, wilaya ya mpakani mkoani Kagera, husimulia kwa ufasaha zaidi kwa Kihaya, na ukiwalazimisha kutumia Kiswahili watakupa muhtasari mkavu. Kama lugha hiyo huimudu, mtafute mwanafamilia akusaidie, lakini uchague kwa makini, kwani bibi hatasimulia mbele ya mkwewe yale ambayo angemwambia binti yake. Kwa sababu hiyohiyo ni vema wake na waume wahojiwe kila mmoja kwa wakati wake. Mume akiwepo, mara nyingi yeye ndiye atakayeongea, naye ataongea juu ya jeshi.

Maswali yaanzie nyumbani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Badala ya kuuliza "Vita viliwaathiri vipi?", swali ambalo hujibiwa kwa neno "vibaya" na kimya, uliza kuhusu vitu vinavyoshikika. Mlikuwa na ng'ombe wangapi mwezi ule wa Oktoba? Mliporudi mlikuta wangapi? Kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilikuwa katika hali gani, na migomba ilichukua muda gani kuzaa tena? Paa la nyumba lilikuwepo? Nani kati ya watoto alikuwa shuleni, na nani hakurudi tena darasani?

Tuchukue mfano wa mazungumzo yanavyoweza kwenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, mlipokimbia mlibeba nini?"

"Sufuria, blanketi na mtoto mgongoni. Ng'ombe tuliwaacha."

Mhojaji mwenye pupa ataruka hapa na kuuliza kuhusu askari. Mhojaji mzuri atabaki kwa ng'ombe: walikuwa wa nani, walikuwa wamewekwa kwa shughuli gani, na kutoweka kwao kulibadilisha nini. Huenda bibi akaeleza kwamba ng'ombe wale walikuwa wa mahari ya kaka yake, kwamba ndoa iliahirishwa, na kwamba kaka alikwenda mjini kutafuta kibarua na hakurudi kulima. Huenda akaeleza kwamba bila ng'ombe hapakuwa na samadi ya kuweka kwenye migomba, na kibanja kilichozoea kulisha watu kumi kikawa hakiwatoshi sita. Mtu anayejua kilimo cha Wahaya anaelewa kwamba ng'ombe, samadi na mgomba ni mnyororo mmoja, na kwamba jeshi lililoswaga mifugo kwa siku chache liliweza kudhoofisha mashamba kwa miaka. Hayo huyapati kwa kuuliza kuhusu bunduki.

Fuata vivyo hivyo habari za watu. Kwa kaya iliyompoteza baba au kijana, uliza nani alishika nafasi yake: nani alilima, nani aliuza kahawa, nani aliamua mambo ya ardhi, na kama mjane aliendelea kukaa katika kibanja cha marehemu mumewe au aliondolewa. Kwa kaya ambayo mwanamgambo alirudi salama, uliza alirudi akiwa mtu wa namna gani. Wake na watoto ndio wanaojua kama alikuwa akishtuka usiku, kama alianza kunywa, au kama alikaa miaka bila kutamka neno juu ya Uganda. Usiyape mambo hayo majina ya kitabibu; andika tabia ilivyoelezwa.

Halafu kuna njaa ya bidhaa. Baada ya vita Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na watu wengi wanakumbuka kwamba mikanda haikulegezwa miezi hiyo ilipokwisha. Uliza sabuni ilipatikana vipi, sukari iligawiwa na nani, foleni ya duka la ushirika ilianza saa ngapi, na nguo ya sikukuu ilitoka wapi. Hapo ni lazima uwe mwangalifu katika kuandika, kwa sababu vita havikuwa chanzo pekee cha dhiki hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta duniani ilipanda tena mwaka 1979, na mazao yetu ya kuuza nje yalikuwa yakishuka thamani. Mzee ana haki ya kusema "vita ndivyo vilivyotumaliza", nawe una wajibu wa kumweleza msomaji mengine yaliyokuwa yakitokea.

Kupima kumbukumbu bila kumvunjia mzee heshima

Watu wachache hukumbuka tarehe, lakini karibu wote hukumbuka mfuatano. Tumia matukio yanayofahamika kama vigingi: Operesheni Vijiji (watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa), kuzaliwa kwa CCM Februari 1977, msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984. Ukiuliza "Mlijenga upya kabla Sokoine hajafa au baada ya hapo?", utapata jibu la uhakika zaidi kuliko ukiuliza mwaka.

Daraja la Kyaka nalo ni kipimo kizuri. Anayesema familia yake ilipita darajani kwenda kusini ilivuka kabla ya tarehe 3 Novemba. Anayesema walivuka kwa mtumbwi huenda alichelewa, au alikuwa mbali na barabara kuu. Vilevile mabomu ya Bukoba: mji huo ulishambuliwa kwa ndege mwaka 1972 na tena mwaka 1978, na wazee huyachanganya matukio hayo mawili. Usimwambie kwamba amekosea. Muulize alikuwa akiishi wapi, alikuwa ameoa au bado, na mwaka utajitokeza wenyewe.

Utakutana pia na maelezo ambayo huwezi kuyathibitisha. La kawaida kuliko yote ni kwamba UKIMWI uliletwa na vita. Wagonjwa 3 wa kwanza kuripotiwa Tanzania walitoka Kagera mwaka 1983, na watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana kabla haujapata jina rasmi, kwa hiyo si ajabu kwamba aliyezika vijana wake miaka michache baada ya vita anayaunganisha mambo hayo. Wataalamu hawajakubaliana juu ya sehemu ya vita katika kuenea kwake. Andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, uonyeshe wazi kwamba ni maelezo yake, na usimpe msomaji dhana ukiiita uthibitisho.

Panapouma

Mauaji na ubakaji vilitokea, na baadhi ya waliovipitia hawajawahi kuvisema. Usivitafute. Mtu akifika hapo mwenyewe, nyamaza, zima kinasa sauti na umuulize kama angependa kiwashwe tena. Kimya cha dakika kadhaa si tatizo la kutatuliwa kwa swali jipya. Akilia, usiondoke mara; keti naye, zungumzeni habari za sasa za wajukuu na mvua, mpaka utulivu urudi, kisha umpitie tena kesho yake bila daftari. Nalisisitiza hili kwa sababu nimesoma kazi nyingi zilizojaa machozi ya watu ambao hawakuulizwa tena hali zao.

Kama mzee akitaka kukuonyesha chuma cha zamani, ganda la kombora au kitu kilichofukuliwa shambani, usikiguse wala usimruhusu mtu kukibeba. Toa taarifa polisi.

Vuka mpaka ukiweza

Familia nyingi za eneo hili zina ndugu pande zote mbili, na simulizi ya upande mmoja ni nusu ya habari. Mutukula ya Uganda ilibomolewa na askari wetu Januari 1979, na raia waliuawa. Mwezi uliofuata, Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya. Bibi wa Masaka aliyepoteza nyumba yake kwa makombora ambayo Waganda waliyaita saba saba ana mambo ya kusema juu ya vita hivi, na Mtanzania anayemsikiliza hapaswi kumjibu kwa kumweleza nani alianza.

Kuhifadhi

Jioni ileile hamisha sauti kutoka kwenye simu, uipe faili jina lenye kijiji, tarehe ya mahojiano na namba badala ya jina la mzee, na uweke nakala mbili mahali tofauti. Andika neno kwa neno, pamoja na vituo na marudio, kabla ya kufanya muhtasari wowote. Maneno ya Kihaya yabaki kama yalivyotamkwa, tafsiri ikae pembeni. Kisha rudi kwa mzee umsomee ulichoandika. Atasahihisha majina, ataongeza jambo, na pengine ataomba ukurasa mmoja utolewe. Utoe, hata kama ndio ulioupenda kuliko yote. Nakala iliyobaki iachie familia yake kwanza, iliyochapwa kwa herufi kubwa, ndipo upeleke nyingine kwenye maktaba ya shule ya kijiji, ukitenga sehemu zenye majina ya watu wanaotuhumiwa kwa wizi au usaliti wa wakati ule, kwani watoto wao bado wanaishi jirani.