Ukiambiwa Utawekewa Stoma, Usikubali Kuchorwa Ukiwa Umelala

Stoma ni tundu linalofunguliwa tumboni, utumbo utolewe hapo na choo kitokee kwenye mfuko unaobandikwa juu yake. Kwanza uliza ni ipi. Ikitolewa kwenye utumbo mpana ni kolostomia, na choo chake mara nyingi hushikana. Ikitolewa kwenye utumbo mwembamba ni ileostomia, na hapo ni ujiuji mchana na usiku. Uliza pia kama ni ya muda au ya kudumu.

Mifuko: ulizia bei, duka na bima kabla hujalazwa. Kibandiko, kile kinachoushika mfuko kwenye ngozi, hukaa siku 3 au 4, basi piga hesabu ya mwezi na uongeze akiba. Usiiache ndani ya gari juani, gundi inaharibika.

Sasa hili la kuchorwa. Alama ya mahali stoma itakapokaa iwekwe kabla ya upasuaji, na ijaribiwe ukiwa umesimama, umeketi, umeinama, ndipo ulale. Mimi nilichorwa asubuhi ile ile, chali kitandani, tumbo limetandazika kama mkeka. Nikanyamaza, nani amhoji daktari? Wiki ya nne, nimeshajiona mzima, nikakalia mbuzi nikune nazi. Ile kukaa chini magoti juu, tumbo likajikunja, na stoma ikamezwa na mkunjo, tena pale pale ninapofungia kanga. Nikasikia uvuguvugu pajani.

Majimaji ya utumbo mwembamba yana vimeng'enya vya kusagia chakula, na ngozi hayaibagui. Siku ya tatu ilikuwa mbichi, inachuruzika. Ngozi ikilowa kibandiko hakishiki, kisiposhika inavuja tena. Mama mkwe, kwa huruma zake, akaleta mafuta ya nazi. Nikapaka. Hapo ndipo kibandiko kilipogoma kabisa.

Muuguzi wa kliniki alinipokonya kichupa kile. Maji matupu, akasema, kausha kwa kugusagusa, usipake mafuta wala sabuni ya mafuta. Kisha akapima: stoma hunywea wiki 6 hadi 8 za mwanzo, nami nilikuwa bado nakata tundu la kibandiko kwa kipimo cha siku ya kuruhusiwa. Liizidi stoma kwa milimita 2 au 3, basi. Ngozi ilipona. Mkunjo ninao, na nazi siku hizi nanunua iliyokunwa.

Kwa hiyo siku ya kuchorwa nenda na nguo zako. Kama ni kanga, ifunge mbele yao. Kama ni suruali, vaa na mkanda. Na sehemu hiyo uweze kuiona mwenyewe bila kioo.

Mengine kwa haraka. Mwaga mfuko ukifika theluthi, usingoje uning'inie. Wa ileostomia, weka nyumbani pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji unywe, kwani maji mwilini hukuishia upesi; makande, karanga na nazi tafuna mpaka zilainike, muwa uteme makapi. Ikiacha kutoa kitu kwa saa kadhaa huku tumbo linasokota au unatapika, nenda hospitali. Stoma yenye afya ni nyekundu, ina unyevu, haiumi, na damu kidogo unapoifuta isikutishe. Ikigeuka zambarau au nyeusi usingoje kukuche.

Ndoo za maji wabebe wengine, usije ukapata ngiri. Ukisafiri, vifaa vikae mapajani, si kwenye buti la basi: mifuko, mkasi, chupa ya maji, cha kutupia taka, na kanga ya pili.