Gari la kifahari mtumba: angalia spea kabla ya bei

Wakuu, kabla hujaingia mfukoni kwa hizi BMW, Benz na Range Rover used, jua kitu kimoja: bei ya gari inashuka kila mwaka ila spea zake hazijui kama gari limezeeka, bado zina bei ya gari jipya. Ndo maana unaona mtu kauza chap chap kwa bei ya kutupa.

Kama lina shokapu za upepo, mwambie muuzaji aliache limezimwa usiku kucha halafu asubuhi nenda mapema kabla hajaliwasha, ukikuta kona moja imelala ujue upepo unavuja, na hapo kompresa (pampu inayojaza huo upepo) nayo inakuwa inafanya kazi mfululizo mpaka inaungua, kwa hiyo usikubali kuambiwa eti ni kampira kadogo tu.

Afu gia boksi. Utaambiwa oili yake haibadilishwi maisha yote, sijui maisha ya nani, wakati ZF wenyewe wanaotengeneza gia boksi za BMW na Range Rover nyingi wanashauri ibadilishwe kati ya km 80,000 na 120,000. Omba risiti za sevisi, hakuna risiti punguza bei au ondoka.

Ukitaka BMW ya dizeli yenye injini ya N47 kuwa makini zaidi, cheni ya taimingi iko nyuma upande wa gia boksi, kuifikia kawaida ni kushusha gia boksi au injini nzima. Ikiwashwa ya baridi sikiliza mkwaruzo kule nyuma, ndo dalili ya cheni kuchoka.

Mi binafsi ningechukua Lexus LS tu.